Sura ya Sita: Reli Iliyoishia Ziwani

Ngulyati haina stesheni, na haijawahi kuwa nayo. Mtu wa kata hii ya Wilaya ya Bariadi akitaka kupanda treni ana njia mbili. Anaweza kushika njia ya kusini, apite Bariadi mjini na Maswa hadi Malampaka, ambako reli inakata ukingo wa Mkoa wa Simiyu. Au aende upande wa Lamadi, alione ziwa, kisha aambae nalo kupitia Magu na Kisesa hadi Mwanza, reli inakoishia. Vitabu vya historia ya reli havimtaji mtu huyu. Vinataja magavana, wahandisi na majina ya meli. Shamba lake la pamba halimo.

Nimeamua kuisimulia stesheni ya Mwanza kuanzia huku mashambani, na sababu yangu ni ya kihasibu. Reli ya Tabora hadi Mwanza haikujengwa ili wenye likizo wakapunge upepo ufukweni, ingawa wasafiri wengi wameliona Ziwa Victoria kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la behewa. Ilijengwa ili kubeba mzigo. Ulipokuwapo mzigo, stesheni ilichangamka, na ulipohama stesheni ilisinzia. Mzigo wenyewe ulitoka katika vijiji kama vya Ngulyati, ambavyo mlio wa treni haujawahi kuvifikia.

Mwanza ilikuwa bandari kwa muda mrefu kabla ya kuwa mji wa reli. Wajerumani walijenga boma lao hapo mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakijua kwamba anayeshika ghuba ile anashika kusini yote ya ziwa. Kilichowashinda kilikuwa kuifikia. Kutoka Mwanza hadi pwani ya Bahari ya Hindi ilikuwa safari ya miezi kwa miguu, na kila kilichouzwa au kununuliwa kilisafiri begani mwa mpagazi. Kwa bei ya upagazi, pembe za ndovu zililipa. Karanga hazikulipa hata kidogo.

Mwaka 1901 mambo yaligeuka, tena kwa mkono wa jirani. Waingereza walifikisha reli yao kutoka Mombasa hadi Kisumu, mwambao wa kaskazini mashariki wa ziwa, wakaanza kuunda meli palepale kwa vipande vilivyoletwa na treni. Winifred, Sybil na baadaye Clement Hill ya mwaka 1907 zilizunguka ziwa zima zikitia nanga Bukoba na Mwanza. Ghafla karanga za Usukuma zikawa na soko Ulaya, na ngozi vilevile. Serikali ya Kijerumani ilikusanya kodi Mwanza, lakini nauli ya mzigo ililipwa kwa reli ya Waingereza, na faida ya bandari ikabaki Mombasa. Nadhani ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa koloni linalolishwa kwa kijiko cha mpinzani wake.

Wajerumani walilijua hilo na likawauma. Walianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912. Hapo ndipo mtu angetegemea wageukie kaskazini kwenda Mwanza, kwenye watu wengi na ardhi ya mazao. Wao wakaendelea magharibi hadi Kigoma, walikofika Februari 1914, kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye biashara ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tawi walilolipanga kutoka Tabora kwenda kaskazini lililenga Rwanda na bonde la Kagera, na kazi za awali zilikuwa zimeanza vita vilipolipuka. Julai 1916 Waingereza waliteka Mwanza, na Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Tawi likafa kabla ya kuzaliwa.

Kilichofuata kina kichekesho chake. Baada ya vita, Tanganyika, Kenya na Uganda zote zilikuwa chini ya bendera moja, kwa hiyo ungedhani ugomvi wa njia umekwisha. Haukwisha. Reli ya Kenya na Uganda ilikuwa na meli zake ziwani, bandari yake Kisumu na mzigo wa Mwanza ambao ilikwisha kuuzoea. Reli mpya kutoka Tabora ingeunyakua mzigo huo na kuupeleka Dar es Salaam, na wakubwa wa Kenya hawakuona sababu ya Waingereza kushindana na Waingereza. Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, aliliangalia jambo hilo kwa jicho la mwenye nyumba: Reli ya Kati ilikuwa ndefu, ya gharama, na ilipita kwenye mapori makubwa yasiyokuwa na mzigo wa kuilisha. Ilihitaji Usukuma. Mwaka 1928 garimoshi liliingia Mwanza, kilomita 379 kutoka Tabora.

Kwa mhandisi, njia hiyo haikuwa ngumu. Tabora ipo mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari na ziwa lipo kwenye mita 1,134, kwa hiyo hakuna mlima wa kupanda kama ule wa kutoka Morogoro kwenda nyanda za juu za kati. Treni inapita Isaka na Shinyanga, inakatiza Seke, inaingia Malampaka, inapita Malya, Bukwimba, Mantare na Fela, halafu inaanza kupenyeza kati ya miamba hadi maji yaonekane. Shida ilikuwa chini ya mataruma. Wasukuma wameyapa majina madongo yao muda mrefu kabla ya wataalamu wa kilimo kufika: luseni ni ule wa kichanga unaopitisha maji, mbuga ni ule mweusi wa mabondeni. Mweusi ndio adui wa reli. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, masika unavimba na kuteleza, na tuta la reli lililokaa juu yake halitulii mwaka mzima. Mpaka leo magenge ya matengenezo ya njia katika ukanda huu yana kazi nyingi kuliko ramani inavyoonyesha.

Stesheni ya mwisho ina tabia tofauti na stesheni za njiani. Njiani treni inasimama dakika chache, inashusha, inapakia, inaondoka. Mwisho wa reli lazima kila kitu kimalizike na kianze upya. Injini ya mvuke ilihitaji mahali pa kugeuzwa, maji ya kujaza tangi na shimo la kumwaga majivu. Mabehewa yalihitaji kupangwa upya, ya abiria upande huu na ya mizigo upande ule. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala kabla ya kurudi nayo Tabora. Ndiyo maana pembeni ya stesheni kama hii huota mtaa mzima wa nyumba za reli, na watoto waliozaliwa humo hukua wakijua saa kwa honi.

Aliyetawala yote hayo alikuwa stesheni masta. Reli hii ina njia moja tu, na treni mbili zikikutana katikati hakuna wa kumpisha mwenzake. Kwa hiyo dereva haruhusiwi kuondoka mpaka stesheni ya mbele ithibitishe kwamba njia ni nyeupe na yeye akabidhiwe kibali chake mkononi. Abiria anayelalamika kwamba treni imesimama Bukwimba saa nzima bila sababu, mara nyingi sababu ipo. Ni treni nyingine inayokuja, na bwana mmoja mwenye kofia anayekataa kuharakishwa.

Reli ilifunguliwa wakati mbaya. Mwaka mmoja tu baada ya garimoshi kufika Mwanza, uchumi wa dunia ulianguka, na bei ya pamba ikaanguka nao. Serikali ilijibu kwa kampeni za kuwataka wakulima walime zaidi, ili deni la reli lilipwe kwa wingi wa mzigo kama bei haipo. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini mwa Mwanza, kilianza kutoa mbegu zilizostahimili wadudu na ukame wa Usukuma, zile zinazojulikana hadi leo kwa herufi UK. Miaka ya 1950 ilipofika, bei ilikuwa imepanda na Usukuma wote ulikuwa mweupe kila kiangazi.

Hapa inafaa tulifuate robota moja. Mkulima wa Bariadi, wakati ule ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Maswa, anavuna kuanzia mwezi wa tano na wa sita. Mvua imekatika, barabara za udongo mweusi zimekauka, na hilo si jambo dogo, kwa sababu kama pamba ingeiva masika isingetoka shambani. Pamba inachambuliwa nyumbani kwa mkono, safi huku na chafu kule, inabebwa kichwani au kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi kituo cha kununulia. Inapimwa. Inakwenda kwa lori hadi kwenye jineri, ambako mbegu zinatenganishwa na nyuzi. Katika kilo 100 za pamba mbegu hutoka nyuzi zipatazo theluthi moja. Nyuzi zinashindiliwa kuwa robota la kilo 181, maana yake robota moja limekula zaidi ya nusu tani ya pamba iliyotoka mashambani, mavuno ya kaya nzima na pengine ya jirani yake. Kutoka jineri robota linakwenda stesheni. Kwa upande huu wa Usukuma wa mashariki, stesheni hiyo ilikuwa Malampaka.

Malampaka haikuwa na ziwa, haikuwa na boma kubwa, haikuwa na chochote cha kumvuta mtu isipokuwa reli. Ikatosha. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walifungua maduka, maghala yakajengwa, na malori yaliyopeleka pamba yakarudi na chumvi, sukari, nguo, mabati na majembe. Kwa mtu wa Bariadi au Meatu, dunia ya nje iliingilia hapo. Hata alipokuwa hana safari, bei ya vitu dukani kwake ilipangwa na umbali wa kutoka Malampaka.

Nimesema pamba inapimwa, nikapita haraka. Turudi, maana kwenye mizani ndipo historia ya kisiasa ya Usukuma ilipoanzia. Wanunuzi binafsi walishika mizani, na wakulima waliamini, kwa sababu nzuri, kwamba mizani hiyo inawaibia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kukagua uzito kabla ya mnunuzi kutaja bei. Kutokana na harakati hizo kikazaliwa Chama cha Wakulima cha Jimbo la Ziwa mwaka 1952, kikiongozwa na kijana wa miaka 27, Paul Bomani, na mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, uliojulikana zaidi kwa kifupi chake, VFCU. Serikali ya kikoloni iliipiga TANU marufuku Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, lakini haikuweza kupiga marufuku mizani. Ushirika ukawa shule ya siasa. Katika miaka michache ulikuwa unanunua pamba yote ya kanda, unamiliki majineri, na ukahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Kwa stesheni, zama za VFCU zilikuwa zama za neema. Msimu mzima mzigo ulijulikana unatoka wapi, ni wa nani na unakwenda lini. Reli inapenda mteja wa namna hiyo. Treni ya mabehewa 30 haiwezi kumsubiri mfanyabiashara mmoja mwenye marobota kumi na mwingine mwenye saba. Inahitaji mtu wa kusema: nileteeni mabehewa, nitayajaza. Ushirika ulikuwa mtu huyo.

Abiria walipata nafasi iliyobaki. Wakati wa ukoloni madaraja ya treni yalifuata rangi ya ngozi hata pale tiketi haikusema hivyo: la kwanza Wazungu, la pili Wahindi, la tatu kila mtu mwingine na mizigo yake. Wasukuma waliijua safari ya pwani tangu enzi za misafara, kwa hiyo treni haikuwafundisha kusafiri. Iliwapunguzia siku. Wengi wao hawakwenda kutembea. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua kwa ajili ya mashamba yao, na Jimbo la Ziwa likawa moja ya maeneo yake ya kuvunia watu. Vijana waliandikishwa, wakapewa namba na kupandishwa daraja la tatu kuelekea mashariki. Treni peke yake isingewafikisha Tanga, kwa sababu Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuungana mpaka mwaka 1963, tawi la Ruvu hadi Mnyusi lilipokamilika. Sehemu ya safari ilikuwa ya barabara. Baadhi walirudi na baiskeli na mablanketi. Baadhi hawakurudi, na ndiyo maana leo ukienda Korogwe au Muheza utakutana na koo za Kisukuma zisizokumbuka zilitoka kijiji gani.

Uhuru ulikuja na ziwa likabadilishiwa matumizi. Katikati ya miaka ya 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilileta vivuko viwili vya kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru. Reli ya Kenya, ya Uganda na ya Tanganyika zote zilikuwa za upana wa mita moja, kwa hiyo behewa liliweza kutoka Dar es Salaam, likaingia tumboni mwa meli Mwanza Kusini kwa reli iliyowekwa juu ya daraja la kupanda na kushuka, likavuka ziwa na kuendelea na safari yake Jinja au Kisumu bila gunia moja kushushwa. Stesheni ya Mwanza haikuwa tena mwisho wa reli. Miaka ya 1980 Uganda nayo ilijipatia vivuko vitatu vya aina hiyo, na kimoja kikaitwa Pamba. Mtu aliyechagua jina hilo alikuwa anakijua kilichojenga njia zote hizi.

Miaka hiyohiyo ya 1960 ndiyo iliyoipa Mwanza sura yake ya mji wa mapumziko. Mwaka 1964 kisiwa cha Saanane, kinachoonekana kutoka Capri Point, kilifanywa bustani ya wanyama ya serikali, na familia zikawa zinavuka kwa mtumbwi siku za Jumapili kuona simba ndani ya wavu. Tangu 2013 kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Sitakaa sana hapo. Watalii hawajawahi kuilipia reli hii hata mataruma yake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mali yake ikagawanywa kama mirathi ya ndugu wasiosemezana. Umoja ilibaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa Mwanza hilo lilikuwa na maana ya moja kwa moja: Kisumu, mlango wake wa zamani, ulifungwa, na reli ya kusini ikawa tegemeo pekee. Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera. Wanajeshi na zana zao walipitishwa Mwanza kwa treni kabla ya kuvuka au kuzunguka ziwa kwenda mbele, na stesheni iliyozoea marobota ikapokea vikosi. Njia iliyojengwa kwa hesabu za pamba ndiyo iliyowezesha nchi kupigana upande wa pili wa ziwa. Hilo Cameron hakulipigia hesabu.

Shirika jipya la Reli Tanzania, TRC, lilirithi injini zilizochoka na njia iliyohitaji mawe, mataruma na fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Miaka ya 1980 pamba ililala kwenye maghala ya vijijini na majinerini kwa kukosa magari na mabehewa, mkulima akisubiri malipo ya mzigo ambao bado hata haujaondoka wilayani kwake. Ushirika uliwahi kuvunjwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980, ukiwa dhaifu na wenye madeni. Kisha mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi. Watu wengi huutaja mwaka huo wakizungumzia bei na mbegu. Sisi tunaoandika juu ya reli tunauona kwa namna yetu: siku hiyo stesheni ya Malampaka ilimpoteza yule mteja mmoja aliyesema nileteeni mabehewa. Mahali pake wakaja wanunuzi wengi, kila mmoja na jineri yake, na karibu kila mmoja na malori yake au ya rafiki yake. Lori halina ratiba. Linapakia mlangoni na kushusha bandarini, na likiharibika Manyoni linakuwa tatizo la dereva peke yake.

Reli haikujisaidia. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa kampuni ya TRL, RITES ya India ikiwa na asilimia 51 na serikali asilimia 49, na ndoa hiyo ikavunjika ndani ya miaka michache. Mwishoni mwa 2009 mafuriko yalisomba njia eneo la Kilosa na Gulwe, na kwa miezi Reli ya Kati ikawa imekatika kiunoni. Abiria wa Mwanza walijifunza kupanda basi. Waliobaki kwenye treni walikuwa wenye magunia ya dagaa na mchele, wenye muda kuliko fedha, na wachache wanaoipenda tu safari yenyewe, ya siku moja na nusu na zaidi, kitandani daraja la pili, chakula kikinunuliwa dirishani. Mwaka 2018 Umoja ilirudishwa kwenye safari za kubeba mabehewa kwenda Port Bell baada ya kimya cha miaka takriban kumi, na ukingo wa Mwanza Kusini ukasikia tena vyuma vikigongana.

Wakati huo huku Simiyu barabara ilikuwa inashinda kwa kishindo. Mkoa ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na kipande cha Mwanza, na lami ikafuata: Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, kisha Maswa hadi Bariadi. Kwa mkulima wa Ngulyati lami hiyo ilifanya kazi ambayo reli haikuifanya kwa miaka 80. Ilimfikia. Basi la Mwanza likawa safari ya asubuhi na kurudi jioni. Simiyu ikawa mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo ikaondoka bila kuiona reli inayopita ndani ya mkoa huohuo.

Sasa inakuja reli nyingine. Tarehe 14 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Fela, Misungwi, kwa kipande cha reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka: kilomita 341, ambazo 249 ni za njia kuu na 92 za kupishania na za stesheni, kwa zaidi ya shilingi trilioni tatu, wajenzi wakiwa kampuni mbili za China. Upana wake ni milimita 1,435, umeme badala ya dizeli, kilomita 160 kwa saa kwa treni ya abiria. Ikikamilika yote kutoka Dar es Salaam itakuwa kilomita 1,219 za njia kuu. Kipande cha Dar es Salaam hadi Dodoma kilianza kubeba abiria mwaka 2024, na picha zilizosambaa zilikuwa za watu waliojipiga picha kwenye viti, vioo na taa za stesheni. Ni haki yao. Treni ya kwanza isiyomwaibisha abiria ina raha yake.

Lakini njia mpya inapita Malampaka, na hapo ndipo macho yangu yalipo. Abiria wa Bariadi wataipanda, sina shaka, kama kutakuwa na basi la kuwafikisha stesheni kabla ya saa ya kuondoka. Swali gumu ni la robota. Deni la trilioni tatu halilipwi kwa tiketi za wanaokwenda kuoga ziwani, kama lile la 1928 lisivyolipwa. Malori yanayoanzia majineri ya Bariadi yatahamia relini iwapo Malampaka itakuwa na ghala la kutosha, njia ya pembeni ya kupakilia, mizani ambayo mkulima na mnunuzi wote wanaiamini, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukusanya marobota ya wanunuzi ishirini yakawa mzigo wa treni moja. Kazi hiyo ushirika uliifanya miaka ya 1950 kwa daftari na penseli. Vyama vya msingi vya leo, AMCOS, ndivyo vinavyokusanya pamba tena vijijini, Ngulyati na kwingineko, na vinapopanga msimu ujao bado vinazungumza na wenye malori.